Siku Niliyomkimbiza Mzee wa Tukuyu

Naandika haya uso nimeufunika kwa mkono mmoja, maana hata daftari lenyewe naliona haya, lakini nisipoandika mwenyewe, jirani zetu Wahehe watanisimulia wao, tena watatia chumvi.

Jana baada ya kanisa alikuja mzee kutoka Tukuyu kunichumbia kwa niaba ya mwanawe (sijapata kumwona huyo mwana, nasikia tu ana baiskeli). Baba ni seremala, alihamia hapa Iringa na mama kabla sijazaliwa, na tangu nipate nafasi ya chuo cha ualimu amekuwa akiniambia, "Atupele, mimi sikulazimishi. Mzee akija, mjibu mwenyewe, mbele yetu." Basi wiki nzima nikafanya mazoezi mbele ya mbuzi: "Shikamoo mzee, nashukuru, lakini mimi nakwenda kusoma." Mbuzi alinielewa vizuri sana.

Mzee akaingia uani na koti lake refu na mwavuli, watu wamejaa, nami haya zikanishika (mimi hata kumwomba mwalimu ruhusa ya kwenda chooni husubiri mpaka machozi yanitoke), nikasema ngoja nijifiche kidogo tu, nivute pumzi, halafu nitoke. Nikaingia banda la kuku.

Mara vigelegele! Tena mama ndiye kaanza. Nachungulia, namwona mzee amenipa mgongo, anatikisa kichwa kwa furaha, baba anapewa mikono.

"Mmeona mkwe mwenye heshima?" mama anawaambia. "Nani alisema watoto wa ugenini hawajui mila?"

Ndipo nilipokumbuka, nikiwa nimekalia mayai. Kwetu Wanyakyusa mwanamke hatazamani na baba mkwe wake: akimwona anajificha, na mzee naye anageuza njia. Mimi mzaliwa wa Iringa niliyasikia hayo kama habari za huko kwao tu. Kumbe kwa kujificha nimeshakubali kuolewa!

Nikatoka mbio, manyoya kichwani. "Shikamoo mzee!" Mzee akashtuka, akafungua mwavuli, akajikinga. Nikazunguka upande wa pili, naye akazunguka. Akaona hapana, akatoka barabarani, koti linapepea, mimi nyuma yake nalia huku napiga kelele, "Mzee nisubiri, mimi nakwenda kusoma!" na watu wa kanisani wote wamesimama wanatutazama.

"Atupele, kakuibia nini?" jirani mmoja akauliza.

Mzee akakwama kwenye ua wa miiba. Baba akafika anahema, na sauti ikatoka nyuma ya mwavuli: "Bwana, huyu si mkwe, huyu ni karani wa kodi! Nimewakwepa hao miaka yote, leo nimlete mmoja nyumbani kwangu? Miguu yangu haiwezi. Mwache akasome."

Kisha akaushusha mwavuli polepole, akanitazama machoni, mimi na manyoya yangu.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Mama bado ananuna, anasema hatarudi kanisani mpaka mvua zinyeshe. Baba naye asubuhi nimemkuta anapiga randa mbao za sanduku, na si sanduku la bibi harusi, ni dogo, la kutia vitabu. Nami nimeapa: mgeni akibisha hodi, nitamsalimu kwanza, haya nitaziona baadaye. Banda la kuku nitaingia kuokota mayai tu, yale yaliyosalia.