Debora Anafunga Ofisi

Walikuwa mawakili wanne wa kike mjini Musoma, kila mmoja na ofisi yake na kibao chake mlangoni. Sasa amebaki Debora peke yake. Lilian amekuwa hakimu. Shani yuko halmashauri ya Bunda, mshahara kila mwezi na likizo ya uzazi juu. Najat kachukuliwa na shirika la haki za wanawake. Wanaume hawakwenda popote; wamejaa tele, na kila mwaka wanaongezeka.

Eti wanawake hawapendi kuhangaika na wateja. Uongo mtupu! Kesi za mji huu hazigawanwi ofisini. Zinagawanwa jioni kwenye meza ya nyama choma, wakili Onesmo akimpa mwenzake Hezron kesi ya kiwanja, Hezron akimrudishia mgogoro wa machimbo ya Buhemba. Debora alijaribu kukaa nao mara mbili. Ya kwanza walinyamaza. Ya pili, mke wa mmoja wao alimpigia simu kumuuliza anamtakia nini mumewe. Hakurudi. Tangu hapo chakula cha mchana anakula peke yake, na upweke huo ulimchosha kuliko uhaba wa kesi.

Barua ya ajira kutoka halmashauri ya Butiama aliikalia wiki tatu. Akisaini, ndiyo basi kutetea watu mahakamani kwa ofisi yake mwenyewe. Jumatatu asubuhi alisaini, akaipeleka kwa mkono wake.

Mchana alikuwa akifunga mafaili kwa kamba, mzee mmoja akaingia, suruali imelowa hadi magotini. Alitoka kisiwa cha Rukuba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Binti, wakili yupo?"

Miaka kumi na mmoja wateja walimdhania karani, na kila mara alijibu, "Ni mimi." Leo alikuwa amechoka.

"Ameacha kazi, baba. Jaribu kwa wakili Onesmo, jengo la pili."

Mzee hakuondoka. "Huyo si mwanaume? Binti yangu kafiwa na mume, mashemeji wamemnyang'anya mtumbwi na nyavu. Kwetu wanasemaga humu kuna mama anasikilizaga wajane. Nimemfuata yeye."

"Alikuwepo," alisema Debora, na machozi yakamtoka mbele ya mtu asiyemjua.

Mzee akampa pole, akidhani karani wa watu amepoteza kibarua kwa kuondokewa na bosi wake, kisha akashuka ngazi kwenda kwa Onesmo.