Mchanga wa Injini ya Mizigo

Baba yangu alikuwa fayaman, mtunza moto wa injini za mizigo, enzi gari la moshi lilipokuwa bado la moshi. Alizikwa Jumamosi mchana. Mimi, kifungua mimba wake, nilikuwa Dubai nikifuta injini ya kuchezea.

Kwa kuiita ya kuchezea labda siitendei haki. Ilikuwa ndefu kuliko kitanda changu, imeigwa kutoka injini nzito za reli moja ya Marekani, zile zilizovuta makaa ya mawe milimani. Ilichoma makaa ya kweli, ikatoa mvuke wa kweli, na mtu mzima aliweza kuketi nyuma yake ikamvuta. Sir, tajiri wetu, alikuwa nazo kadhaa katika ghala lake kule Investments Park. Mimi ndiye niliyezisafisha.

Kila Jumapili nilikuwa nampigia Baba simu ya video nikiwa kitandani, katika chumba tunachoishi wanawake wengi, Al Nahda. Siku moja nikamwonyesha picha ya ile injini.

“Hii ndiyo unayoosha?”

“Ndiyo, Baba.”

“Mbona inang’aa hivi? Injini ya mizigo haing’ai, mama. Hiyo imevaa kwenda harusini.” Akacheka mpaka kifua kikambana. Alipotulia akaisogeza simu karibu na macho. “Lakini ni dume. Namhurumia aliyekuwa akiilisha. Hebu niambie, wanaitia mchanga?”

Nilijua anachouliza. Injini za kina Baba zilichoma mafuta mazito, na masizi yaliganda ndani ya mabomba ya moshi. Injini ilipoanza kuchoka mlimani, fayaman alichota mchanga kwenye ndoo akautupa motoni. Mchanga ulivutwa kupitia mabomba ukiyakwangua, wingu jeusi tititi likatoka, na injini ikapata pumzi. Kule kwenye landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, mama zetu walipoisikia ikikaza mwendo kilimani walikimbia kuanua nguo. Mama yangu alianua huku akimtukana Baba, ambaye hakuweza kumsikia.

“Hapa hawatii, Baba.”

“Basi mwambie daktari wangu. Huenda yeye anao mchanga wa kunitia.”

Alifariki Jumanne. Nikaenda kwa madam, meneja wetu, ambaye ndiye aliyeweka pasipoti zetu kabatini.

“Pole sana, dia,” akasema. “Lakini Jumamosi wageni wa sir wanakuja kuona injini. Baada ya hapo, inshallah.”

“Madam, Jumamosi ndiyo tunazika.”

“Huna ndugu huko?”

“Ninao.”

“Basi.”

Mdogo wangu alinipigia jioni. “Dada, wazee wameshapanga. Tukungoje mpaka lini?” Madam hakuwa amenipa siku.

Kwetu, jeneza likishashuka, kifungua mimba ndiye hutangulia kutia udongo, kwa mkono, si kwa koleo. Hicho tu ndicho nilichotaka. Sikutaka kusema maneno mbele ya watu wala kupika wala kushika picha. Nilitaka mkono wangu utangulie.

Jumamosi wageni walikunywa juisi kivulini huku injini ikizunguka uani. Kazi yangu ilikuwa kusimama na kitambaa pale inaposimama. Nilikuwa na spika ndogo ya simu sikioni, chini ya kofia ya yunifomu, mdogo wangu akinisikilizisha mazishi. Mlinzi wetu wa getini, Mganda, aliiona.

“Nyabo, pita nyuma ya kontena. Wakiuliza nitasema tumbo limekukamata.”

“Nikienda nitalia.”

“Si ndiyo maana nakwambia uende?”

Sikwenda. Nilimwogopa madam. Ndiyo sababu, sina nyingine.

Sikioni wimbo ulikwisha. Mchungaji akasema, “Kifungua mimba aje.” Mtu akakohoa. Kisha nikamsikia mdogo wangu akisema, “Yuko kazini.”

Yuko kazini. Kama mtu aliyechelewa kidogo tu njiani.

Niliinama nikachota mchanga kando ya reli, ngumi nzima. Injini ilikuwa inakuja, kimlango cha moto kimeachwa wazi, na kwa dakika moja nilifikiria kuutupa mle. Sikuthubutu. Halafu ungemfaa nini Baba? Nikafungua kiganja ukaanguka pale pale nilipoutoa, mchanga juu ya mchanga, hata alama haukuacha. Kule nyumbani mwingine alikuwa ameshatangulia.

“Yalla, kitambaa!” sir aliita kwa furaha. “Kuna vumbi kwenye gurudumu.”

Nikafuta. Akanishukuru. Sir si mtu mbaya, na sijui kama aliwahi kuambiwa kuhusu msiba wangu. Sikumuuliza, maana kama aliambiwa sitaki kujua.

Wiki iliyofuata madam aliiweka pasipoti yangu mezani. “Khalas, sasa unaweza kwenda nyumbani,” akasema, akitabasamu kama mtu anayetoa zawadi.

Asubuhi hiyo mdogo wangu alikuwa amenitumia picha. Kaburi la Baba lilikuwa limeshasakafiwa kwa saruji, laini, limepakwa chokaa. Hapakuwa na mahali pa kutia udongo.

Nilimwambia madam asante, kwa mazoea ya mdomo tu. Kisha nikaisukuma pasipoti ikarudi upande wake wa meza.