Usukani wa Kushoto

Juzi hapa Woolwich lilinipita gari la zamani la Kimarekani, likinguruma hadi vioo vya maduka vikatetemeka. Nikaikumbuka alasiri ile gereji yetu iliponuka petroli na rangi mbichi.

Mama, ambaye alikuwa nesi, alikuwa amelifufua gari kama lile kwa mikono yake na kuiongezea injini nguvu. Mjomba alisimama mlangoni akitikisa kichwa.

"Dada, hata usukani uko kushoto. Si uuhamishe kulia kama wenzako?"

"Utakaa hapo hapo ulipo, kaka."

Nilimwonea mama huruma, nikidhani kazi hiyo imemshinda. Leo najua aliiweza, hakutaka tu.

Akawasha. Jirani akagonga ukuta. Mama akamtazama mjomba usoni, akakanyaga mafuta tena, polepole, mpaka mjomba akaziba masikio.

"Panda," akaniambia.

Nikakaa kiti cha kulia, mahali pa dereva katika magari yote ya mtaani kwetu. Tulipopita, kituo cha basi kizima kilinikodolea macho, kikidhani mtoto anaendesha. Nikakunja mikono kifuani, nikawatazama kama mama alivyomtazama mjomba.