Mafuta ya Papa kwenye Mashine

Enzi zetu pale Faza, wenzangu mliobaki mnakumbuka, mashua ya mashine ilikuwa moja tu. Ikinguruma, chuo kizima cha Kurani kilimwagika pwani, na mwalimu nyuma yetu na bakora yake, eti atufuata sisi. Mwenye mashua alikuwa tajiri mmoja wa mji wa Amu, na nahodha wake ni baba yangu. Nyumba yetu ilinuka petroli nasi tukajiona mabwana.

Baba aliipenda mno mashua ile. Kila Ijumaa aliipaka mafuta ya papa, kama kilivyopakwa kila chombo. "Kitu cha baharini kisipopakwa huoza," alisema. Akapaka mbao, akapaka chuma, mpaka mashine yenyewe.

Asubuhi moja mama alikuwa na uchungu wa siku ya pili. Mkunga akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe Amu kwa daktari. Tukamlaza mashuani, mimi binti yake nimempakata kichwa. Baba akazungusha mkono wa mashine. Kimya.

Jirani yetu Bwana Shee, mwenye mashua ya tanga, akasema, "Mpakie kwangu, tuisukume kwa pondo. Maji yanakupwa."

"Ngoja kidogo, Bwana Shee. Itawaka sasa hivi."

Baba akagusanisha nyaya za betri, zikatoa cheche. Umeme upo. Akafungua plagi, akailaza juu ya chuma, akazungusha tena. Plagi haikutoa kitu. Akafuata waya shibiri kwa shibiri mpaka kwenye kisanduku cha kuzalisha cheche, ambacho siku zote huvuma kama nyuki. Akakifunua. Vile vyuma vidogo vinavyogusana vilikuwa vimeganda mafuta ya papa. Alivipaka mwenyewe.

Akavifuta kwa kikoi chake, na mashine ikawaka mara moja. Lakini maji yalikuwa yamekupwa. Tulikuwa tumekaa juu ya tope, rafadha ikizunguka na kurusha matope, na mashua ya Bwana Shee imekwama kando yetu. Mama alisikia ule mngurumo akauliza, "Tumefika wapi?" Nikamwambia twakaribia. Maji yaliporudi alasiri, alikuwa ameshakata roho, na mtoto tumboni mwake.

Baba hakushika mashine tena. Siku hizi wajukuu zangu huvuta kamba ya mashine mara mbili, isipowaka huitukana na kuipiga teke, kisha hunicheka nikisema kama kuna mgonjwa apelekwe kwa pondo kwanza. Ikiwaka hushangilia. Mimi nikisikia mngurumo, hata leo, hutazama maji kwanza.