Minazi Isiyozaa

Asubuhi ile nilitoka Ndagoni bila kujua niendako. Sikuweza tena kukaa kijiji kimoja na baba yangu.

Siku mbili kabla, huko Chole, kadhi alimuuliza ana minazi mingapi inayozaa, apate kukadiria masurufu yetu, mimi na mdogo wangu wa kike, tuliobaki kwa mama baada ya talaka.

"Kumi na miwili, shehe," alisema baba.

"Na ile sitini ya bondeni?" mama akauliza.

"Ile haizai. Kamuulize umtakaye."

Alisema kweli, na ndiyo iliyonichoma. Haizai kwa sababu anaigema, na mnazi unaogemwa hutoa tembo la kulevya badala ya nazi. Tembo lilimlipa kuliko nazi. Mama alipolitaja, kadhi aliinua mkono: fedha ya haramu si pato, wala haiwalishi watoto.

"Mbona yeye inamlisha?" mama alisema, akaambiwa anyamaze.

Tukaandikiwa pishi tatu za mtama kwa mwezi. Mimi chuo cha Kurani nilikwisha kukiacha, lakini hesabu ile niliijua: hazifiki hata nusu ya mwezi.

Nilitembea kaskazini hadi Bweni. Kesho yake nikamkuta bibi mmoja mjane akitafuta mtu wa kuangua nazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe mtoto wa nani?"

"Wa mama yangu."

Akanitazama sana, kisha akacheka. "Basi kirago cha kulalia kile pale barazani. Na ujira wako nikupe mkononi?"

"Upeleke Ndagoni, kwa mama," nikasema.