Namba Niliyoisoma Mbarara

Mwezi uliopita nilirudi kambi ya wakimbizi ya Nakivale kumzika papa, baba yangu. Baada ya mazishi nilitembea mpaka lilipokuwa shamba letu, nikalikuta limejaa nyumba za mabati. Watoto wanaocheza pale hawajui kwamba zamani nguruwe pori walitoka kwenye matete ya kando ya ziwa wakaja kula mahindi yetu. Ukiwaambia, wanacheka.

Sisi tulikuwa tumetoka Kivu ya Kusini na sufuria mbili na Biblia ya mama. Tulipewa kipande cha ardhi pembeni kabisa mwa kambi, na jirani yetu alikuwa mzee Mnyankole mwenye migomba, ng'ombe wachache, na bunduki ya leseni aliyorithi kwa baba yake. Ilikuwa bunduki kuukuu ya mitutu miwili, ya kupigia marisawa, zile risasi za vipunje, mti wake umekuwa mweusi kwa jasho la mikono. Nguruwe wakija kunapopambazuka, mzee alipiga mara moja, mara mbili, nasi tukavuna. Papa alimpelekea maharagwe mapya, na yeye akatuletea maziwa kwenye kibuyu, yananukia moshi. Harufu ile nikiikuta popote leo, nasimama.

Jioni nilikwenda kupukuchua maharagwe na mke wake. Mzee alikuwa akisafisha bunduki, na kwa kuwa nilipenda kuuliza, alinieleza.

"Hii ni muzee kama mimi," alisema. "Inataka risasi fupi, ya milimita sitini na tano. Siku hizi wanatengeneza ya sabini. Usione inaingia ukafikiri inafaa." Akalikunja jani la mgomba kidoleni mwangu, ncha yake ameifumba. "Mdomo wa risasi umekunjwa hivi. Ukipiga, unafunguka. Kama nafasi ndani ya mtutu ni fupi, unaziba njia, na nguvu yote inarudi kwa mkono wako." Tena risasi mpya, alisema, zina baruti kali. Yeye alitaka zile nyepesi, ambazo chuma cha zamani kinaweza kuzivumilia. Zilipatikana Mbarara, katika duka moja tu.

Mwaka ambao mahindi yetu yalipendeza kuliko miaka yote, risasi zake zikaisha. Nguruwe waliingia siku tatu mfululizo. Mama alikuwa ananyonyesha na maziwa yalikuwa yanamkauka. Papa akamsihi mzee, tukaenda Mbarara watatu. Mimi nilichukuliwa nisome, kwa sababu macho ya mzee yalikuwa yameingia ukungu na maandishi ya boksi la risasi yalikuwa ya Kiingereza, ambacho papa hakukijua.

Muuzaji aliweka boksi mezani, akageukia daftari lake kuandika leseni.

"Soma, mtoto," mzee akaniambia. "Inasema ngapi?"

Ilisema sabini, kwa wino mwekundu. Papa aliiona pia. Akaniambia kwa Kifuliru, lugha yetu, ambayo mzee hakuielewa, niseme sitini na tano. Namba ni namba tu, alisema, na mahindi yanaisha.

"Sitini na tano," nikasema.

"Ni nyepesi?"

"Nyepesi."

Kesho yake kulipopambazuka, mlio wa kwanza ulikuwa kama siku zote. Wa pili ulikuwa mwingine, mkavu, na baada yake nikasikia mzee akimwita mkewe. Mtutu ulikuwa umepasuka pale alipoushika. Papa alimfunga mkono kwa kitenge cha mama, akamsukuma kwa baiskeli hadi mji mdogo wa Rwekubo, na huko wakapata gari la Mbarara. Mzee alirudi bila vidole viwili vya mkono wa kushoto. Polisi waliichukua bunduki, na mahindi yakaliwa yote.

Papa alikaa wiki nzima bila kula vizuri. Kisha akanishika mkono, tukaenda kwa mzee. Papa alipiga magoti mlangoni.

"Muzee, ni mimi. Nilimulazimisha mutoto aseme bongo, akudanganye. Sikujua kama itapasuka."

Mke wa mzee aliinuka akatoka nje. Mzee aliulaza juu ya goti mkono wake uliofungwa.

"Ungeniambia tu watoto hawana chakula," alisema. "Mimi nina ndizi. Ningekupa." Kisha akanigeukia. "Wewe ulitii baba yako. Na wewe sina neno."

Nikainamisha kichwa kama mtoto aliyesamehewa.

Kuanzia hapo papa alimlimia migomba kila Jumamosi, mpaka mzee alipofariki. Kaburi alilichimba papa, akakataa kusaidiwa. Maziwa yaliendelea kuja, lakini mzee hakunipa tena kitu cha kusoma. Barua zake alimpelekea mwalimu, ng'ambo ya barabara, huku mimi niko hapohapo uani nikipukuchua.

Papa na mzee walimalizana. Papa alibeba kosa lote kwa sababu aliamini tulikuwa sawa katika kutojua. Lakini yeye hakuwahi kuelezwa habari za risasi zile. Mimi nilielezwa. Nilijua kitakachotokea, nikatazama macho yale yenye ukungu, nikasema sitini na tano kwa sababu na mimi nilikuwa na njaa. Nilidhani kuna siku nitawaambia. Sasa matete yamekatwa, nguruwe hawapo, na wa kuambiwa wamekwisha.