Kavata na Kompyuta za Ofisi ya Ukame

Mitambo mipya ya simu ilipofika Migwani, Kavata ndiye aliyewaonyesha mafundi mahali pa kuiweka. Alikuwa amefanya kazi ya opareta wa simu mjini hapo tangu alipomaliza shule. Mteja alizungusha mkono wa simu yake dukani au misheni, taa ndogo ikawaka mbele ya Kavata, naye akachomeka waya na kuuliza, "Namba gani?" Watu wengi wa Migwani walimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa uso. Baada ya mitambo ile kuwashwa, kila mtu alipiga namba yake mwenyewe. Kavata alipewa barua ya kushukuriwa na kiinua mgongo, akaenda nyumbani na visikizio vyake kichwani, kwa kuwa alisahau kuvivua. Ilibidi avirudishe kesho yake.

Mumewe, Kisilu, alikuwa na mpango wa hizo pesa. Alitaka kuchimba kisima. Kila kiangazi mto ulikauka, na binti yao Ndinda alienda na punda kuchota maji kwenye mashimo ya mchanga, akirudi jua likiwa kali.

"Kisima kitatubakia hata tukizeeka," Kisilu alimwambia.

"Nataka kwenda shule ya kompyuta Kitui," Kavata akasema.

"Wewe? Kwa umri huu?"

"Baba Ndinda, kazi yangu imechukuliwa na mashine. Hizo mashine lazima kuna mtu anaziangalia. Kwa nini nisiwe mimi?"

Kisilu hakubishana. Aliuza sululu aliyokuwa amenunua, na habari ya kisima haikutajwa tena mezani.

Chuo chenyewe kilikuwa vyumba viwili juu ya duka la simiti mjini Kitui. Kavata alikaa na wasichana waliomwita mama, wakafundishwa kuandika barua na kupanga hesabu kwenye kompyuta. Alipomuuliza mwalimu jinsi kompyuta moja inavyoweza kuzungumza na nyingine, mwalimu alisema hilo haliko kwenye mtihani. Akapita mtihani, akapata cheti chenye muhuri mwekundu, akazunguka nacho ofisi za Kitui hadi viatu vikaisha visigino.

Ofisi iliyomchukua ilikuwa ya shirika la msaada lililogawa chakula wakati wa ukame. Meneja wake, Mutie, mzee wa kanisa mwenye sauti ya taratibu, alikuwa ameletewa kompyuta kadhaa na wafadhili wa ng'ambo, na hakuna mtu ofisini aliyejua kuziangalia. Fundi alitoka Nairobi kuja kuziunganisha. Kavata aliambiwa amfuate, amshikie waya na kujifunza anachoweza.

Fundi huyo aliitwa Abdinoor. Alikuwa chini ya meza akivuta waya, Kavata akamuuliza kama anataka chai. Akatoa kichwa nje.

"Mama, sema tena."

"Nimeuliza kama unataka chai."

"Wewe ni opareta wa Migwani," Abdinoor alisema. "Baba yangu ni Samatar, yule wa duka la ngozi karibu na soko la ng'ombe. Mimi ndiye nilikuwa nashika simu na kukuomba uniunganishe na Garissa. Ulikuwa unaniambia nisipige kelele, laini ni mbovu lakini masikio yako ni mazima."

Kavata akacheka. Hakuwa amecheka hivyo tangu siku ya ile barua ya kushukuriwa.

Tangu hapo Abdinoor hakumficha kitu. Alimwonyesha jinsi waya mmoja ulivyopita nyuma ya kompyuta zote, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, ukiishia kwa kizibo kidogo cha chuma kila upande. Kizibo kikitoka, au waya ukikatika popote, kompyuta zote zinanyamaza.

"Zote ziko kwa laini moja," alisema. "Moja ikiongea, zote zinasikia. Lakini inajibu tu ile imeitwa jina."

"Kama simu za mashambani," Kavata alisema. "Nyumba kadhaa kwa waya mmoja. Kila nyumba ilijua mlio wake."

"Basi hii kazi unaijua. Umebadilisha tu meza."

Abdinoor alirudi Nairobi, Kavata akaachiwa chumba chenye seva, ile kompyuta kubwa iliyotunza kazi za wengine wote. Aliwafungulia wafanyakazi majina ya kuingilia. Jioni aliweka kanda ya kunakili kazi ya siku. Mtu akisukuma kiti na waya ukachomoka, ni Kavata aliyepiga magoti na kutambaa kutoka meza hadi meza mpaka akapata palipoachia. Kwa mara ya kwanza tangu aache simu za Migwani, watu waliita jina lake wakiwa na shida, naye akawa na jibu. Nyumbani, Kisilu alianza kumuuliza habari za kazi. Wakazungumza hata kuhusu kisima, kwamba mwaka ujao, kazi ikishika, wataanza kuchimba.

Halafu mvua ikanyesha. Haikuwa mvua ya kawaida. Ilinyesha hadi barabara zikakatika na mito iliyokuwa mchanga mtupu ikabeba miti. Makanisani watu waliimba kwa shukrani. Kavata naye aliimba. Mashamba yalipoanza kuwa kijani, Mutie alimwita ofisini, akafunga mlango.

"Kavata, wafadhili wameandika. Wanasema ukame umeisha."

"Ni kweli, mzee. Umeisha."

"Na sisi ni mradi wa ukame."

Kavata alimtazama bila kuelewa, kisha akaelewa. Mutie alikuwa akipangusa miwani ambayo haikuwa na uchafu.

"Kompyuta zitapelekwa nchi nyingine yenye shida. Ningeomba wewe ndiye uzifungue. Mwingine ataharibu."

Alizifungua mwenyewe. Aliwaomba wafanyakazi wamalize kazi yao na kutoka, akafuta majina yao kwenye seva, lake la mwisho. Alipochomoa kizibo cha mwisho wa waya, ujumbe wa hitilafu ulitokea kwenye skrini zilizokuwa bado zinawaka. Akazima moja baada ya nyingine. Aliukunja ule waya vizuri, akaufunga kwa kamba ili usivunjike njiani. Lori lilipoondoka alibaki amesimama kwenye matope, na mlinzi akamuuliza kama sasa anaweza kufunga geti.

Alitafuta kazi nyingine. Benki moja ilimwambia mambo hayo hufanywa na watu wa Nairobi. Alimpigia Abdinoor, naye akaahidi kuuliza. Aliporudisha jibu, sauti yake ilikuwa ya aibu. Makampuni yalitaka diploma, na yalitaka vijana. Muda si mrefu namba ile ikawa inajibiwa na mtu mwingine, aliyesema Abdinoor amehamia ng'ambo.

Kavata alikwenda hadi mji wa Wote, akaenda na Makindu, kwenye ofisi ya msafirishaji ambaye alikuwa amesikia ana kompyuta. Kijana aliyekuwa zamu alisoma hadi mwisho barua ya sifa ambayo Mutie alimwandikia Kavata. Hakuwa na dharau.

"Mama, hii kazi naona unaijua," alisema. "Lakini hapa kompyuta ni moja. Utaiunganisha na nini?"

Hilo hakuwa amelifikiria kamwe. Njia nzima ya kurudi aliona mji baada ya mji, maduka na posho-mill za kusaga unga na makanisa, na kila mahali, kama ilikuwepo, kompyuta ilikuwa moja, imefunikwa kitambaa.

Alianza kununua ndengu kwa wakulima na kuzipeleka soko la Migwani. Kisilu hakumlaumu. Maji ya ile mvua kubwa yalikwisha, ukame ukarudi, na wafadhili hawakurudi nao.

Ndinda alimaliza kidato cha nne na alama nzuri. Jioni moja, wakichambua mawe kwenye ndengu, alisema mchungaji yuko tayari kuomba kanisa limsaidie karo.

"Mwaitu, mama yangu, nataka kusoma kompyuta. Kama wewe."

"Hapana," Kavata alisema kwa Kikamba, ili lisisikike kama mchezo. "Chagua kitu kingine."

"Gani? Ualimu? Hao waliosoma ualimu wako nyumbani, serikali haiandiki walimu."

"Kitu kingine."

"Niambie basi ni gani, nitaenda."

Kavata alifikiri. Alipitia moyoni kazi za watu wote aliowajua, akitafuta moja ambayo mtu angeweza kuapa kwamba itakuwepo mtoto akimaliza kuisomea. Ndinda akaendelea kuokota mawe kwenye ungo. Mchungaji alitaka jibu kabla ya Jumapili, lakini Jumapili ilipita Kavata akiwa bado hajaipata, na nyingine, na pesa za kanisa zikaenda kwa mtoto wa mtu mwingine. Mwaka huo Ndinda alienda na mamake sokoni, na mwaka uliofuata pia.